Gari Linalozima na Kuwaka Lenyewe: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kutoa Dawa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vumbi, kuhara, chandarua na maji ya kunywa. Safari hii tutazungumza juu ya batri na nyaya za gari. Pengine mtauliza: munganga anatafuta nini garajini? Jibu ni fupi. Dawa iliyoko hospitalini Kasongo haimsaidii mgonjwa ambaye gari lake limekwama porini usiku. Gari la wagonjwa ni sehemu ya matibabu, kama sindano na bendeji. Likiwa gonjwa, nalo litibiwe.

Ugonjwa wenyewe mnaufahamu. Gari la zamani linakwenda vizuri. Ghafla umeme unakatika: mashine inazima, au taa zinafifia, au demarere inagonga "tik" tu bila kuzunguka. Shofere anashuka, anafungua boneti, anagusa hapa na pale. Anarudi, anawasha, gari linawaka kama kwamba halijaugua kamwe. Likifika garajini, fundi halioni kosa lolote. Kesho yake linazima tena mahali pabaya zaidi.

Leo tuone jinsi ya kuutafuta ugonjwa huu kwa utaratibu, bila kupoteza pesa na bila kuumiza mtu.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA

Mji wetu wa Kasongo una historia yake katika mambo ya afya. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliofanya kazi pamoja na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, ulijaribu hapa mpango ambao sasa tunauona ni wa kawaida: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya rufaa nyuma yao. Mgonjwa anayezidi nguvu za kituo anapelekwa hospitalini. Mpango huo ni mzuri, lakini una kiungo kimoja dhaifu, nacho ni njia. Kati ya Kabambare na Kasongo kuna zaidi ya kilometa 100 za udongo, madimbwi na madaraja. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa chache. Hawezi kungoja gari lipoe.

Hata gari likiwa halina mgonjwa, hatari iko palepale. Magari mengi ya mazuti, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, yana kivalvu cha umeme kwenye pompi ya mazuti. Umeme ukikatika, kivalvu kinafunga na mashine inazima. Mashine ikizima, kile kifaa kinachosaidia breki kinakosa nguvu. Ukikanyaga mara moja au mbili, breki bado inasikia. Baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Sasa fikiri juu ya kamio iliyobeba wafanyakazi wa zamu ya usiku, iko kwenye mteremko, na taa zimekufa. Ndiyo sababu tunasema jambo hili linahusu kila mtu anayepanda gari.

UGONJWA UNAOKUJA NA KWENDA

Kwetu sisi wa dispansari, ugonjwa wa vipindi si mgeni. Malaria ndiyo mwalimu wetu. Mgonjwa anatetemeka asubuhi, mchana anakaa sokoni akicheka. Kwa karne nyingi watu waliona homa ikija na kwenda bila kujua sababu, mpaka mwaka 1880, huko Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipotazama damu ya mgonjwa kwa darubini akaona kijidudu chenyewe.

Malaria imetufundisha mambo mawili, nayo yanafaa garajini pia.

La kwanza: homa ikishuka, usiseme mtu amepona. Kijidudu bado kimo. Vivyo hivyo, gari likiwaka tena lenyewe, usiseme "limekwisha pona." Kosa limejificha tu.

La pili: usitoe dawa zote kwa pamoja ukitumaini moja itafaa. Siku hizi tunatoboa kidole, tunaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, ndipo tunatoa dawa ya malaria. Kwenye gari watu wengi hufanya kinyume. Gari likizima, wanabadilisha batri. Likizima tena, wanabadilisha alternateri. Likizima mara ya tatu, wanasema limerogwa. Pesa zimekwenda, na ugonjwa uko mahali pake.

Mafundi wazee wa garaji, ambao nimekaa nao mara nyingi kungojea gari la wagonjwa litengenezwe, wanasema neno moja: kosa linalokuja na kwenda mara nyingi halimo ndani ya chombo kikubwa. Limo kwenye kiungo, mahali ambapo waya unakutana na chuma, au waya na waya. Kiungo kikilegea, kikiota kutu, au kikiungua kidogo, kinashika na kuachia kwa kadiri ya mtikisiko, joto na unyevu. Na mtikisiko, joto na unyevu ndivyo vitu vitatu ambavyo njia zetu za Maniema hazikosi.

MUULIZE SHOFERE KWANZA

Mganga mwema hashiki sindano kabla ya kuuliza. Fundi naye asishike ufunguo kabla ya kuuliza. Nawapa mfano mmoja.

Kulikuwa na Land Cruiser ya wagonjwa iliyokuwa ikizima njiani. Ilikuwa imebadilishiwa batri mara mbili na alternateri mara moja. Usiku mmoja ilizima mara tatu ikiwa na mama wa uchungu ndani. Mama yule alifika, akajifungua salama, lakini saa nyingi zilipotea porini. Siku iliyofuata fundi mmoja mzee alimketisha shofere kivulini, nami nikiwapo.

"Ndugu, ilizima wapi?"

"Mzee, kila mara kwenye makorongo, pale njia inapotikisa kama ungo."

"Ilizima ghafla, au ilianza kukohoa kwanza?"

"Ghafla. Kama mtu aliyepuliza koroboi."

"Na taa kubwa za mbele? Zilizima nazo?"

Shofere alinyamaza, akafikiri. "Hapana, Mzee. Taa kubwa ziliendelea kuwaka. Niliona njia vizuri. Ila vile vitaa vya dashibodi vilikufa vyote."

Fundi akacheka. "Basi umekwisha nionyesha mahali."

Katika gari lile, taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka upande wa batri. Vitaa vya dashibodi na kivalvu cha mazuti hupata umeme wao kwa kupitia kontakti, pale tunapoingiza funguo. Kama taa kubwa zinawaka na vingine vimekufa, batri haina kosa. Alternateri haina kosa. Kosa liko kwenye kontakti au kwenye kichomeo cha nyaya zake.

Fundi alifungua kifuniko chini ya usukani. Kichomeo kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa kwa kuungua, na ulimi mmoja wa chuma ulikuwa umelegea. Tena kwenye funguo ya gari palining'inia funguo nyingine nyingi: za stoo, za nyumba, za kufuli la petroli. Katika kila korongo, fungu lile zito liliivuta kontakti huku na huku. Kichomeo kilibadilishwa, kontakti ikasafishwa, na ile funguo ikaachwa peke yake. Kazi nzima ilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Batri mbili na alternateri moja zilikuwa zimenunuliwa bure, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja la taa.

Basi, shofere, gari likikuzimia, kumbuka mambo haya na uyaandike kwenye daftari la gari siku ileile:

1. Lilizima ghafla, au lilikohoa na kupoteza nguvu kwanza? Umeme hukata ghafla. Mazuti machafu, chujio lililoziba au hewa kwenye bomba mara nyingi hupunguza nguvu kidogokidogo.

2. Ni vitu gani vilikufa, na ni vitu gani viliendelea kuishi? Taa kubwa, honi, vitaa vya dashibodi, taa ya ndani: jaribu kila kimoja kabla hujagusa kitu.

3. Lilikuwa moto au baridi? Lilikuwa limekwenda saa ngapi?

4. Palikuwa na makorongo, mvua, au ulikuwa umevuka maji?

5. Uligusa nini kabla halijawaka tena? Kama uligonga kosi ya batri likawaka, umekwisha pata habari kubwa.

6. Kuna kazi gani iliyofanywa kwenye gari siku za karibuni? Redio mpya, taa ya nyongeza, batri mpya? Mahali mkono wa mtu ulipopita mwisho ndipo pa kutazama mwanzo.

UMEME UNAPITA WAPI

Umeme wa gari ni kama mtu anayekwenda kisimani: lazima aende na lazima arudi. Unatoka kwenye upande wa jumlisha wa batri, unapita kwenye fizibli, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita fyuzi, unafika kwenye taa au demarere, unafanya kazi, kisha unarudi kwenye upande wa kutoa. Njia ya kurudi si waya peke yake. Ni chuma cha mashine na cha bodi ya gari. Hiyo ndiyo inayoitwa masi. Watu wengi hutazama njia ya kwenda na kusahau njia ya kurudi. Waya wa masi ulio kati ya batri na mashine, na ule ulio kati ya mashine na bodi, hupigwa matope na maji kila siku. Masi ikiwa mbovu, gari linafanya vituko: unawasha taa ya kona, taa kubwa nazo zinafifia kwa mdundo uleule, mishale ya mazuti na joto inapanda pamoja bila sababu.

Sasa jambo linalowadanganya wengi. Shofere anasema: "Taa zinawaka sana, lakini demarere haizunguki. Basi demarere imekufa." Si lazima iwe hivyo. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja zinakula ampea 9 hivi. Demarere ya mashine ya mazuti inaweza kula ampea 200 na zaidi. Tuseme kosi ya batri ina kutu kidogo, kizuizi cha omu 0,01 tu. Kwa taa, kizuizi hicho kinakula volti 0,09, jicho halioni. Kwa demarere, kinakula volti 2 nzima, na pale kwenye kosi panatokea joto la wati 400, kama pasi ya nguo. Kutu ileile inaachia taa ziwake na kuinyima demarere nguvu.

Ndiyo sababu kupima batri gari likiwa limelala hakutoshi. Waya wenye nyuzi hamsini ukikatika zikabaki mbili, voltimeta bado itaonyesha volti 12. Ukiuita ufanye kazi, unashindwa. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo naye, akiwa ameketi, anaonekana mzima. Mpandishe kilima ndipo utajua.

VIPIMO VYENYEWE

Kwa gari la volti 12, voltimeta moja ndogo inatosha. Fuata utaratibu huu, na uandike kila hesabu.

Kwanza, macho na mkono. Mashine ikiwa imezimwa, shika kila kosi ya batri, jaribu kuizungusha. Kama inazunguka, imelegea. Tazama unga mweupe au wa kijani. Fuata nyaya za masi mpaka mwisho wake. Tazama mkanda wa alternateri. Tazama mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, maana pale huchubuka na kugusa chuma.

Pili, batri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12,6 hivi ni batri iliyojaa. Volti 12,2 ni nusu. Chini ya 12 imekaribia kwisha. Ijaze kwanza, ndipo uendelee.

Tatu, mashine ikiwaka. Kwenye batri lazima uone kati ya volti 13,8 na 14,4. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, alternateri haitoi umeme, au umeme wake haufiki. Ikipita 15, kirekebishaji kimeharibika na batri inapikwa.

Nne, wakati wa kuzungusha demarere. Mwenzako awashe, wewe usome. Batri nzima isishuke chini ya volti 9,6. Kisha weka sindano moja ya voltimeta juu ya nguzo ya jumlisha ya batri, na nyingine kwenye boliti ya waya mnene wa demarere. Awashe tena. Hapo voltimeta inaonyesha volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0,5, kuna kiungo kigonjwa. Fanya hivyo kwa njia ya kurudi: sindano moja kwenye nguzo ya kutoa, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine. Zikizidi 0,3, masi inahitaji kusafishwa. Sogeza sindano kiungo kwa kiungo, utapafikia penyewe.

Tano, mtikise mgonjwa. Mashine ikiwa inawaka bila kwenda, gari limefungwa breki na magurudumu yamewekewa vigingi, vuta na utikise kwa upole kila fungu la nyaya, mbali na mkanda na pangaboi. Gonga kwa mpini wa mbao sanduku la fizibli na rele. Tikisa funguo kwenye kontakti. Siku ikifika mashine ikazima mkononi mwako, furahi: umemkamata mwizi akiwa ndani.

Sita, weka taa ya mlinzi. Hii ndiyo mbinu niliyoipenda kuliko zote, kwa maana ni kama kumlaza mgonjwa na kumwekea mwuguzi wa usiku. Chukua balbu ndogo ya wati 5. Iunge kati ya waya unaopata umeme baada ya kontakti na masi, pamoja na fizibli ndogo. Iweke mahali ambapo msaidizi ataiona bila kumwaka shofere machoni. Kisha endeni na kazi zenu. Siku gari litakapozima, msaidizi atazame. Balbu imezima? Kosa liko nyuma yake: kontakti, kichomeo, fizibli kubwa. Balbu inawaka? Kosa liko mbele: waya wa kivalvu cha mazuti, au mazuti yenyewe. Balbu moja inagawa gari nzima mara mbili. Ukiihamisha na kungoja tena, unaligawa tena.

Kuna kipimo kimoja ambacho nawasihi mkiache. Wengine huondoa kosi ya batri mashine ikiwa inawaka, waone kama itaendelea. Desturi hiyo ilitoka enzi za dinamo. Kwa alternateri ni hatari: volti zinaruka juu na kuunguza diodi za ndani. Unaweza kuua alternateri nzima ukitaka kujua kama ni nzima.

FUNDI ASIGEUKE MGONJWA

Sasa narudi kwenye kazi yangu hasa. Batri inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo ikifika sehemu 4 kwa 100 katika hewa ya kawaida, cheche ndogo inatosha kuilipua, na batri inapasuka ikitupa asidi usoni. Kwa hiyo:

Usivute sigara wala kuwasha koroboi karibu na batri. Usiku tumia tochi au taa ya simu.

Vua pete na saa ya chuma. Chuma kikiunga jumlisha na kutoa, pete inaweza kuwa nyekundu kwa joto kabla hujaivua.

Ukifungua batri, anza na kosi ya kutoa. Ukifunga, kosi ya kutoa iwe ya mwisho.

Fizibli ikiungua, weka nyingine ya ampea zilezile. Usiweke waya, msumari wala karatasi ya sigara. Fizibli imekufa ili gari lisiungue. Ukiinyima nafasi ya kufa, moto utatafuta mahali pengine, na gari la wagonjwa lina godoro na mapazia.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Weka magogo mazito au vishikizo vya chuma.

Asidi ikiingia jichoni, usisugue. Mimina maji safi mengi, jicho likiwa wazi, dakika 20 hadi 30 bila kukatiza, kisha njoo dispansari upesi. Usitie maziwa, mafuta wala maji ya majani. Ikimwagika mwilini, vua nguo na uoshe kwa maji mengi. Kila garaji iwe na ndoo ya maji safi iliyofunikwa, ya kazi hiyo peke yake. Kapita wa garaji ndiye alinzi wake.

NENO KWA AKINA MAMA: BATRI ILIYOTOLEWA

Batri iliyohukumiwa bila kosa haipotei. Hutolewa garajini ikapelekwa nyumbani. Inawasha taa, au inakaa uani, au mtu anaivunja ayeyushe risasi yake. Hapo ndipo ugonjwa wa gari unageuka ugonjwa wa mtoto.

Risasi ni sumu. Mtoto mdogo anayekula mavumbi yake hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inamletea maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, degedege, na kuharibu akili yake kwa maisha yote. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakichimba na kupepeta udongo wenye risasi ya batri. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha batri za zamani, wakaugua wao na watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Basi, mama, batri mbovu isikae uani. Irudishwe garajini. Nguo za baba aliyefanya kazi ya batri zifuliwe peke yake, na baba aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali na kabla ya kumbeba mtoto. Asidi isimwagwe karibu na kisima.

GARI LIKIZIMA NJIANI

Shofere, mashine ikizima unapokwenda: usipige breki mara nyingi nyingi. Kanyaga mara moja kwa nguvu na usiachie, huku ukishika usukani kwa mikono miwili. Usitoe funguo, kwani usukani unaweza kufunga. Toka njiani, weka vigingi kwenye magurudumu, na weka matawi njiani mbele na nyuma, mbali kiasi, ili wengine wakuone. Watu wasikae nyuma ya gari, wala wasilisukume kwenye mteremko.

Jaribu honi, taa kubwa, vitaa vya dashibodi, kisha andika. Ndipo ushike kosi za batri na ujaribu tena.

Kama una mgonjwa, mwuguzi abaki na mgonjwa, na shofere ashughulike na gari. Piga simu mahali penye mtandao, au mtume mtu wa pikipiki mapema. Usingoje mpaka umeshindwa mara ya tano. Na gari likikufikisha salama baada ya kuzima, usilirudishe kazini kimyakimya. Mwambie kapita. Gari lililozima mara moja bila sababu kujulikana lisitumwe usiku na mgonjwa mpaka sababu ijulikane.

KWA KUMALIZIA

Ndugu zangu, tukumbuke mambo matano:

Uliza kabla ya kufungua.

Pima kabla ya kununua.

Tazama viungo na masi kabla ya kulaumu batri.

Pima gari likiwa linafanya kazi, maana likilala linaficha ugonjwa.

Andika kila kitu kwenye daftari, ili shofere wa zamu nyingine asianze upya.

Kila Jumamosi, shofere na msaidizi wake watumie robo saa kukaza kosi, kusafisha kutu, kutazama nyaya za masi na mkanda. Hiyo ni chanjo ya gari. Kazi ya robo saa kambini ni rahisi kuliko kazi ya saa nne porini, gizani, na mama wa mwenzako akilia nyuma.

Kazi njema, na safari njema.